Adui Aliyevua Sare: Maji ya Rangi na Ziwa la Hawassa

Mtu yeyote aendaye dukani kununua kanga, kitenge au suruali hukishika kitambaa kwa vidole viwili na kumwuliza muuzaji swali moja la tangu zamani: "Hii haichuji?" Muuzaji huapa kwamba haichuji, na mara nyingi husema kweli. Lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini haichuji, na ile rangi ambayo ingechuja imekwenda wapi. Jibu ni kwamba nguo isiyochuja katika karai la nyumbani imekwisha kuchuja kiwandani, na maji yaliyoichukua rangi hiyo yamemwagwa mahali fulani. Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tunataka kupatazama mahali hapo.

Tumekusudia kulizungumza jambo hili hasa na ndugu zetu wa Jeshi na Polisi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba askari ni mvaaji mkubwa wa kitambaa kilichotiwa rangi. Kombati, kaki, bereti na hema, vyote vimepita katika pipa la rangi kabla ya kufika ghalani, tena kwa masharti makali: rangi isipauke juani, isitoke kwa jasho, isiondoke kwa sabuni. Masharti hayo ni ya haki. Lakini rangi iliyotengenezwa ili isishindwe na jua, jasho wala sabuni haishindwi kwa urahisi na mto. Sababu ya pili ni kwamba jambo lenyewe ni la ulinzi. Maji hayaombi pasi mpakani, na ziwa lililo mali ya nchi tatu haliwezi kulindwa na nchi moja peke yake.

Mfano wetu wa leo unatoka Ethiopia. Nchi hiyo haipakani nasi, kwani katikati iko Kenya. Hata hivyo jirani wa jirani ni jirani, na Bonde la Ufa lililowapa wao maziwa yao ndilo lililotupa sisi Manyara na Natron. Mji wa Hawassa uko kilomita 275 hivi kusini mwa Addis Ababa, nao ni makao makuu ya jimbo la Sidama. Umejengwa kando ya ziwa lenye jina hilohilo, ziwa dogo la kilomita za mraba 90 hivi, ambalo wavuvi wake huuza perege, samaki ambao wakazi wa Mwanza na Musoma huwaita sato. Ziwa hilo lina sifa moja ambayo mtu anayetaka kulielewa jambo letu hana budi kuishika: hakuna mto unaotoka ndani yake. Maji huingia kwa mvua na kwa mto, na sehemu kubwa huondoka kwa kugeuka mvuke. Kilichoingia pamoja na maji, kama si cha kupaa angani, hubaki. Mto mkuu unaoingia ziwani humo unaitwa Tikur Wuha. Kwa Kiamhari, maana ya jina hilo ni Maji Meusi.

Kwa miaka mingi wataalamu wa Ethiopia walikuwa wakiandika juu ya majitaka ya viwanda, kikiwamo kiwanda cha nguo, yaliyokuwa yakiingia katika mto huo na kufika ziwani. Kisha, mwezi Julai mwaka 2016, Serikali ya nchi hiyo ilizindua Hawassa eneo kubwa la viwanda vya nguo, lililojengwa na kampuni ya Kichina kwa gharama ya karibu dola milioni 250 za Marekani. Lengo lilikuwa kufikia ajira 60,000, na wengi wa waajiriwa walitazamiwa kuwa wasichana kutoka vijijini. Hapo ndipo swali lilipojitokeza waziwazi. Kutengeneza nguo bila maji haiwezekani, na kumwaga maji ya rangi katika ziwa lisilo na mto wa kutokea ni sawa na kuwasha jiko la mkaa katika chumba kisicho na dirisha. Hapana ubishi kwamba watu wanahitaji kazi. Lakini hata aliyepata kazi atarudi jioni nyumbani kula samaki wa ziwa lilelile.

Ili tulielewe jibu la Ethiopia, yatupasa kwanza kufahamu maji ya rangi ni kitu gani. Pamba ikitoka kusukwa huwa na wanga, nta na uchafu wa asili. Huchemshwa kwa magadi makali, husafishwa iwe nyeupe, hutumbukizwa katika rangi, halafu husuuzwa mara nyingi. Kwa kawaida ya viwanda vingi, kilo moja ya kitambaa huweza kutumia lita 100 za maji na pengine zaidi. Rangi nazo hazishiki zote. Katika aina inayotumika sana kwa pamba, ambayo hujifunga na uzi kwa kemikali, huenda sehemu moja katika kumi isishike, na kwa rangi nyingine hata nusu nzima. Ili kuisukuma rangi iingie katika uzi, fundi humimina chumvi, mara nyingi gramu 40 hadi 80 kwa kila lita. Kwa hiyo maji yanayotoka mlangoni mwa kiwanda huwa ya moto, yenye ukali wa magadi, yenye chumvi, yenye wanga na sabuni, na yenye rangi.

Madhara yake mtoni ni ya namna nyingi. Rangi huonekana kwa jicho hata ikiwa chini ya miligramu moja katika lita, kwa hiyo kiasi kidogo huchafua eneo kubwa. Maji yenye rangi huzuia mwanga wa jua usifike chini, na mimea ya majini isiyopata mwanga haitoi oksijeni. Wanga na sabuni nazo huwalisha bakteria, ambao huongezeka na kuitumia oksijeni iliyobaki. Samaki hukosa pumzi. Mkulima aliye chini ya mto humwagilia shamba lake chumvi bila kujua, na baada ya misimu michache udongo hukakamaa. Watu huona rangi tu, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini rangi ni mmoja tu katika kundi zima la maadui.

Zipo njia nyingi za kupambana na kundi hilo. Shabu, ile ile ambayo akina mama huitumia kutuliza maji ya kisima, huifanya rangi isiyoyeyuka igande na kutuama. Makaa maalumu hunasa rangi katika vitundu vyake. Gesi ya ozoni huivunja. Lakini shabu na makaa huihamisha rangi tu kutoka majini kwenda katika tope au katika makaa, na ozoni hula umeme mwingi. Ndiyo maana katika nchi nyingi kazi kubwa zaidi ya kusafisha majitaka hukabidhiwa viumbe hai visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria. Hawa hawadai mshahara. Chakula chao ni uchafu wenyewe.

Njia hiyo si ngeni kwa askari. Kila kambi na kila kota ya polisi yenye shimo la majitaka au mabwawa ya kutuliza majitaka inatumia bakteria, ijapokuwa wakazi hawajui. Mwaka 1914, katika mji wa Manchester nchini Uingereza, wataalamu Edward Ardern na William Lockett walitangaza jambo ambalo liligeuza kazi hii. Walipuliza hewa ndani ya majitaka, wakayaacha yatulie, wakamwaga maji ya juu na kulibakiza tope la chini, kisha wakaongeza majitaka mapya juu ya tope lilelile. Kadiri walivyorudia, tope lilizidi kuwa na bakteria wengi wenye njaa, na kazi iliyokuwa ikichukua wiki ikachukua saa. Hata leo miji mingi duniani husafisha majitaka yake kwa njia hiyo.

Mtu angedhani basi kwamba jambo limekwisha: tujenge bwawa, tupulize hewa, bakteria wale rangi. La hasha. Rangi nyingi zaidi zinazotumika katika nguo ni za jamii iitwayo azo. Moyo wa rangi hiyo ni chembe mbili za nitrojeni zilizoshikana kwa kiungo imara, na kiungo hicho ndicho kinachoipa rangi wekundu, umanjano au uweusi wake. Bakteria wanaopumua hewa, wakiwa wamezungukwa na wanga na sabuni ambavyo ni chakula chepesi, huiacha rangi ya azo ipite. Nyingine hunata katika tope, nyingine hutoka kama ilivyoingia. Wanga umekwisha, sabuni imekwisha, lakini mto bado ni mwekundu.

Wataalamu waligundua kwamba kazi hii inahitaji zamu mbili za lindo, na kila zamu ina askari wake. Zamu ya kwanza hufanyika katika tangi lililofunikwa, pasipo hewa. Bakteria wa humo hawana oksijeni ya kupumua, kwa hiyo hutafuta mahali pengine pa kupeleka nguvu ya umeme inayotokana na chakula chao, na kiungo cha azo huwa ni mahali hapo. Hukikata kiungo katikati. Papo hapo rangi hupotea. Maji yaliyoingia mekundu hutoka yakiwa na umanjano hafifu, au meupe kabisa. Kazi ya matangi ya namna hii ilipata nguvu kubwa tangu miaka ya 1970, pale mtaalamu Gatze Lettinga na wenzake nchini Uholanzi walipotengeneza tangi ambamo majitaka hupanda kutoka chini na kupita katika blanketi la bakteria, bila pampu za hewa na bila gharama kubwa ya umeme.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, nasi tunaomba msikilize kwa makini. Kupotea kwa rangi si kupotea kwa sumu. Kiungo cha azo kikikatwa, vipande viwili vilivyobaki ni kemikali za jamii ya amini. Hazina rangi. Jicho haliwezi kuziona. Si zote zenye hatari, lakini baadhi yake ni hatari kuliko rangi iliyozizaa. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alitoa taarifa juu ya uvimbe wa saratani katika kibofu cha mkojo miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Utafiti wa miaka iliyofuata uliithibitisha hatari hiyo na kuzitambua baadhi ya amini, kama vile benzidini, kuwa ndizo zinazosababisha saratani. Mwaka 2002 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku, katika nguo na ngozi zinazogusa mwili wa mtu, rangi za azo ziwezazo kutoa yoyote kati ya amini 22 zilizotajwa katika orodha.

Askari ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Adui aliyevaa sare huonekana kwa mbali. Adui aliyeivua sare yake na kuingia sokoni akiwa amevaa shati kama la wananchi hajawa rafiki. Amekuwa mgumu zaidi kutambulika. Kiwanda kinachoishia katika zamu ya kwanza kimemvua adui sare, kisha kimemfungulia lango. Na mkaguzi atakayesimama kando ya mfereji, akayaona maji meupe, akaandika katika daftari lake kwamba mambo ni shwari, amehesabu sare badala ya kuhesabu adui.

Ndiyo maana ipo zamu ya pili. Maji yaliyopoteza rangi hupelekwa katika bwawa linalopulizwa hewa. Humo hufanya kazi bakteria wa aina nyingine, ambao kwa msaada wa oksijeni huweza kuzila amini nyingi na kuzigeuza kuwa hewa ukaa, maji, amonia na miili yao wenyewe. Zamu hizi mbili haziwezi kubadilishana nafasi. Hewa ikitangulia, rangi haikatwi. Hewa ikikosekana mwishoni, amini haziliwi. Hata zikipangwa vyema, ziko amini sugu ambazo bakteria hawaziwezi, hasa zile zilizobebeshwa salfa ili rangi iyeyuke vizuri majini. Hizo hudai njia nyingine ya kuzimalizia. Watafiti wamejaribu pia ukungu unaoozesha magogo msituni, kwani kimeng'enya kinachovunja ugumu wa mti huweza pia kuvunja ugumu wa rangi. Lakini kuulea ukungu huo katika bwawa la kiwanda, mahali ambapo bakteria wengine huuzidi nguvu, si kazi nyepesi.

Jeshi hili dogo lina nidhamu yake na mahitaji yake, nalo hufa likipuuzwa. Maji ya moto hayana budi kupozwa kwanza, yashuke chini ya nyuzi joto 40. Ukali wa magadi hauna budi kutulizwa kwa asidi hadi maji yawe karibu na hali ya kati. Maji ya kiwanda cha nguo huwa na chakula kingi cha wanga lakini upungufu wa nitrojeni na fosfeti, kwa hiyo fundi huongeza urea na fosfeti kama mkulima anavyotia mbolea shambani. Katika bwawa la hewa, oksijeni isipungue miligramu 2 hivi katika lita. Kadhalika, kiwanda kinachotia rangi nyeusi leo na njano kesho hakina budi kuwa na bwawa kubwa la kusawazisha, ambamo maji ya zamu zote huchanganyika kabla ya kwenda kwa bakteria, ili wasipigwe na mshtuko wa ghafla. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, bakteria wa hewa hukosa pumzi. Mtu akimwaga pipa la dawa ya kuulia vijidudu katika mfereji, ameua kikosi kizima, na kukiunda kikosi kipya huchukua majuma.

Kuna mambo mawili ambayo bakteria hawawezi kuyafanya hata wakitunzwa vipi. Hawali chumvi. Chumvi iliyoingia na maji hutoka na maji. Tena wao wenyewe huzaana, na miili yao iliyozidi huwa tope ambalo hubeba sehemu ya rangi na madini mazito. Tope hilo likitupwa kando ya mto, mvua ya kwanza huirudisha kazi yote mahali ilipoanzia. Mtambo usio na mahali pa kupeleka tope haujakamilika.

Ethiopia ilikuwa na ziwa lisilo na njia ya kutokea, kwa hiyo isingeweza kuiachia chumvi ipite. Uamuzi wake ulikuwa kwamba eneo la viwanda la Hawassa lisitoe hata tone la majitaka. Mtambo ulijengwa na kampuni ya Arvind Envisol ya India, wenye uwezo wa kuhudumia meta za ujazo 11,000 kwa siku, yaani lita milioni 11. Kwanza bakteria huondoa kile kinacholika. Baada yao, maji husukumwa kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, ambao huyaruhusu maji na kuizuia chumvi. Maji safi hurudi viwandani kutumika tena. Yale machache yaliyobaki, ambayo sasa ni machungu kuliko bahari, hukaushwa kwa joto mpaka chumvi ibaki kuwa kitu kikavu. Bakteria wakitegea kazi hapo mwanzo, utando huziba kwa uchafu upesi. Kwa hiyo hata katika mtambo wa kisasa kabisa, msingi ni kile kikosi kisichoonekana.

Si kwa bahati kwamba ujuzi huo ulitoka India. Nchi hiyo iliununua kwa bei ya machozi. Katika mji wa Tiruppur, kusini mwa India, mamia ya viwanda vidogo vya kutia rangi fulana na nguo za ndani za kuuzwa nje vilimwaga maji yao katika mto Noyyal. Mwaka 1992 lilikamilika huko bwawa la Orathupalayam, lililojengwa ili kuwamwagilia wakulima. Badala yake likawa hifadhi ya maji ya rangi na chumvi. Wakulima walikwenda mahakamani. Shauri liliendelea kwa miaka, amri zilitolewa na ahadi zikavunjwa, mpaka Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ilipoamuru viwanda vya kutia rangi vya mji huo, zaidi ya 700, vifungwe mpaka vitakapoweza kutomwaga hata tone. Wafanyakazi walikosa kazi, wenye viwanda walipata hasara, na wakulima walikuwa wamekwisha kuharibiwa ardhi. Walioepushwa ni wachache. Hilo ndilo somo: gharama ya kusafisha maji haikwepeki, mtu huilipa mwanzo kwa fedha, au mwisho kwa fedha, kazi na ardhi pamoja.

Hata hivyo tusiifanye Hawassa kuwa hadithi ya ushindi mtupu. Vita vilivyoanza Tigray mwezi Novemba 2020 vilifika mpaka kwenye meza za kushonea nguo, ingawa Hawassa iko mbali na uwanja wa vita. Mwezi Novemba 2021 kampuni ya PVH ya Marekani, iliyokuwa mwekezaji mkubwa wa hapo, ilitangaza kukifunga kiwanda chake. Tarehe 1 Januari 2022 Marekani iliiondoa Ethiopia katika mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Tunalitaja hili kwa sababu lina maana kwa mazungumzo yetu. Mtambo wa namna hii ni ghali kuuendesha, na bakteria wanahitaji chakula kila siku kama askari wanavyohitaji mgao wao. Viwanda vikifungwa, majitaka hupungua, lakini pampu, utando na mafundi huendelea kudai gharama, na wachache waliobaki huubeba mzigo wa wengi. Amani, basi, ni sehemu ya usafi wa maji. Palipo na vita, mambo ya kwanza kuachwa ni yale ambayo madhara yake hayaonekani leo.

Sasa tugeukie nyumbani kwetu. Ziwa Victoria si dogo kama Hawassa. Lina kilomita za mraba 68,800 hivi, nalo lina mlango wa kutokea, Mto Nile, pale Jinja nchini Uganda. Tanzania inamiliki asilimia 51 ya ziwa, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Mwanza na Musoma kwetu, Kisumu kwa Wakenya na Jinja kwa Waganda, yote ni miji iliyopata kujengewa viwanda vya nguo. Ukubwa wa ziwa umewadanganya watu wengi wakidhani kwamba maji mengi humeza kila kitu. Lakini ghuba si ziwa zima. Maji ya ghuba ya Mwanza au ya Kisumu hubadilishana polepole na maji ya kilindini, na ni humo ghubani ambamo watu huteka maji na samaki hutaga mayai.

Nchi zetu hazikukaa kimya. Tarehe 29 Novemba 2003, mjini Arusha, nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo pamoja na mambo mengine ilikubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Hapa Tanzania Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Itifaki na sheria ni maneno yaliyoandikwa. Anayeyageuza kuwa ulinzi ni mtu aliye zamuni.

Na hapo ndipo inapofika zamu yenu, ndugu askari. Polisi wa doria majini, na askari aliye karibu na mto au mfereji wa kiwanda, ana macho ambayo mkaguzi aliyeko ofisini hana. Maji yakibadilika rangi alfajiri na kurudi meupe saa tatu, yeye ndiye atakayejua kwamba kuna lango lililofunguliwa usiku. Anapoona hivyo, kuandika kwamba "maji yalikuwa mekundu" hakutoshi, kwani mahakamani rangi itakuwa imekwisha kwenda zake. Wataalamu wa maji na wa mazingira waitwe mapema, sampuli ichukuliwe kwenye mdomo wa bomba kabla maji hayajachanganyika na ya mto, chupa ifungwe kwa lakiri, na saa, mahali na jina la aliyeichukua viandikwe. Na pale maji yanapoonekana meupe, askari mwenye busara ataendelea kuuliza. Oksijeni iliyomo ni kiasi gani? Chumvi je? Samaki wadogo wakitiwa humo, wanaishi? Tope la mtambo linapelekwa wapi, na ni nani aliyeliona likifika huko?

Nao wale wanaoagiza vitambaa vya sare, pamoja na kupima kama rangi inahimili jua na jasho, wangefanya vyema kumwuliza mtengenezaji maji yake yanakwenda wapi. Mnunuzi mkubwa ana sauti. Kiwanda kinachojua kwamba swali hilo litaulizwa kila mwaka kitakuwa na jibu.

Ndugu wasikilizaji, wakazi wa Hawassa waliurithi mto uitwao Maji Meusi, na nchi yao iliamua kutouongezea weusi mwingine. Uamuzi huo ulikuwa wa gharama na bado unahitaji kulindwa kila siku na mafundi, na umeme, na amani. Sisi tulio kando ya ziwa kubwa zaidi hatuna sababu ya kungoja tubanwe kama wao. Tuiulize nguo yetu swali lile la dukani, na tuongeze la pili: haichuji, sawa, je, ilichujia wapi?